Land Rover ya inchi 80: ukaguzi uanzie chini

Land Rover ya toleo la kwanza, iliyozinduliwa Amsterdam Aprili 1948 ikiwa na inchi 80 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa kawaida hutangazwa kuuzwa kwa picha za bodi. Bodi ndiyo inayokuambia machache zaidi. Ni aloi ya alumini, haishiki kutu, na ikibonyea hunyooshwa. Kinachooza ni chesi, pamoja na ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva.

Chesi ni bamba zilizochomelewa zikawa boksi refu lenye uwazi ndani. Tope likiingia halitoki, kutu inaanza kula kwa ndani huku rangi ya nje ikiwa safi. Chukua nyundo ndogo ugonge hatua kwa hatua: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mzito uliokufa. Kaa sana kwenye boriti ya nyuma, mikono inayobeba bodi na vishikilio vya springi. Sumaku ipitishe kwenye ule ukuta, hasa sehemu ya kuwekea miguu. Isiposhika, kuna puti chini ya rangi. Kwenye milango na madigadi usijisumbue, alumini haivutwi na sumaku hata ikiwa mpya. Hapo tafuta unga mweupe penye boliti za chuma, dalili kwamba alumini inaliwa.

Gari la miaka ya mwanzo ambalo halijabadilishwa lina taa kubwa nyuma ya wavu wa grili na injini ya cc 1595. Magari ya miaka iliyofuata yalipewa injini ya cc 1997, na wengi wameipachika kwenye magari ya zamani. Si dhambi, ila bei ishuke.

Sakafuni mwa magari ya mwanzo kuna pete ya kuvuta, iliyoondolewa 1950. Magurudumu ya mbele huvuta muda wote lakini hujiachia ukiondoa mguu kwenye mafuta. Pete huyafunga yasijiachie. Ijaribu kwenye udongo laini, kamwe si kwenye lami, maana gia zitajikaza.

Pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Silinda yenye kipimo cha chini, itie oili kidogo upime tena: ikipanda, ringi zimekwisha, isipopanda, shuku valvu au gasketi.

Breki zina mfumo mmoja tu, bomba moja likipasuka zote zimekwenda. Na kabla ya kufunga betri, angalia: kwa asili ni chanya inayoungwa kwenye bodi, si hasi.