Tundu la Ukosi

Suti ilikuwa ya fundi wa Mlandege, rangi ya wino, na mabega yake yalikuwa mabaya. Sasa naweza kusema. Siku ile ya Alhamisi, tarehe 14 Januari 2016, nilipotoka stesheni ya Santa Maria Novella huku baridi ya Florence ikinipenya mpaka kwenye bitana, niliamini kwamba katika treni nzima ya kutoka Bologna hakuna aliyevaa kunishinda.

Nilikuwa nasoma Bologna, na usiku, badala ya kufungua madaftari, nilikuwa naandika habari za mavazi ya kiume kwa Kiswahili: koti liishie wapi, suruali ikunjwe au iachwe, kitambaa gani hakikuaibishi kwenye joto la Unguja. Wasomaji wangu wengi walikuwa vijana wanaojiandaa kuoa. Kwa maandishi hayo, na kwa kuomba mpaka watu wakachoka nami, nikapata kibali cha kuingia Pitti Uomo, maonyesho ya mavazi ya kiume ya Florence.

Pitti hufanyika mara mbili kwa mwaka, Januari na Juni, ndani ya Fortezza da Basso, ngome ambayo ukoo wa Medici uliijenga karne ya 16 ili kuwatia adabu watu wa mji wao wenyewe. Kimsingi ni soko. Wenye maduka wanakuja kushika vitambaa, kupatana bei na kuagiza mzigo wa msimu ujao. Lakini uwanjani pana kijiukuta kifupi, na hapo ndipo palipo na mchezo. Wanaume wamekaa, wamesimama, wameegemea, wamevaa kofia za ukingo mpana na makoti ya vifungo safu mbili, vifundo vya miguu viko wazi bila soksi kwenye baridi ile, kila mmoja anajifanya anasubiri rafiki. Wanasubiri kupigwa picha. Nami nikaenda kumsubiri rafiki yangu.

Nilikuwa na aibu moja tu, au nilidhani ni moja. Likizo iliyopita bibi yangu wa Mkunazini aliiona suti imetundikwa mlangoni, akashika ukosi, akauliza, "Tundu hili mbona halitoboki?" Nikamweleza kwamba ndivyo zilivyo suti nyingi, tundu la ukosini ni pambo, mshono tu juu ya kitambaa. Hakunijibu. Asubuhi nilikuta keshalipasua kwa wembe na kulizungushia uzi kwa mkono, kama anavyoshona viua vya kofia. Tena kwa uzi uleule wa kofia. Mweupe! Juu ya suti ya rangi ya wino.

"Bibi, ndo nini sasa?"

"Sasa ni tundu," akasema.

Florence nililificha kwa ua la kitambaa lenye pini. Ua likadondoka kwenye msukumano wa kushuka treni, basi pale ukutani nikawa nimekaa mkono kifuani kama mtu anayeimba wimbo wa taifa. Mpiga picha mmoja akanisogelea, moyo ukaruka, akaniomba kwa adabu nisogee kidogo, nilikuwa namzibia mtu wa nyuma.

Aliyeuona mkono wangu ni mzee mmoja Mwitaliano aliyekuwa akipita na begi la vitambaa. Hakuvaa cha ajabu, sweta ya kijivu na koti, ila koti lile lilimkaa kama limemwagwa juu yake. Alinyosha kidole kwenye ukosi wangu, nikautoa mkono. Akavaa miwani, akainama mpaka nikasikia harufu ya kahawa, akaugeuza ukosi kutazama upande wa chini, ambako uzi huwa hausemi uongo. Fundi mzembe huacha mafundo huko. Bibi hakuacha hata moja. Vitanzi vilikuwa vimebanana sawasawa, vimetuna kama ushanga.

"Nani kashona?"

"Bibi yangu. Anashona kofia."

Nikamweleza kwa Kiitaliano changu cha darasani: kofia nzima ni vitundu, mamia, kila kimoja kinazungushiwa uzi kwa mkono, na moja humla miezi. Akauliza miwani ya bibi ni ya namba gani. Sikujua, na nikajisikia vibaya kutojua. Kisha akanipapasa pedi za mabega, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akaenda zake.

Onyesho nililolifuata lilikuwa kwenye ukumbi wa Dogana, mtaa wa Via Valfonda, mwendo wa dakika chache. Waliliita Generation Africa. Pitti walikuwa wameshirikiana na Ethical Fashion Initiative, mradi wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa, walewale waliokuwa wakifanya kazi na mafundi wa mikono wa Nairobi. Jukwaani zilipita chapa nne: AKJP ya Cape Town, Lukhanyo Mdingi akiwa na Nicholas Coutts, pia wa Afrika Kusini, U.Mi-1, na Ikiré Jones ya Walé Oyéjidé, Mnigeria wa Philadelphia. Nilisimama nyuma, bega kwa bega na wapiga picha. Onyesho la mitindo ni fupi kuliko foleni yake, watu hawaambiwi hilo.

Nakumbuka sufu nzito za Mdingi na Coutts, unatamani kuzishika. Nakumbuka zaidi skafu za Oyéjidé, za hariri, zenye michoro ya kale ya Ulaya, ila ndani yake wamekaa watu weusi, wametulia kama wenye nyumba. Miaka miwili baadaye skafu ya chapa hiyo ilionekana shingoni mwa mfalme wa Wakanda kwenye sinema ya Black Panther, nikawasumbua watu kwamba mimi niliziona kabla.

Lakini siku ile sikuwa natazama nguo vizuri. Tulikuwa tumeambiwa kwamba watatu kati ya wanamitindo ni waomba hifadhi, vijana wa Mali na Gambia. Mwaka uliotangulia watu zaidi ya 150,000 walifika Italia kwa njia ya bahari. Basi kila aliyetokea nilimkagua mwendo, nikitafuta nani kavuka maji. Huyu anatembea mkavu mno, ndiye. Yule katazama chini, ndiye. Niliwahesabu watano, kisha saba. Nilikuwa nikifanya kazi ya afisa wa uhamiaji, na viza yangu ya mwanafunzi iko mfukoni.

Usiku nikampigia bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamsimulia yote, mzee na miwani yake, na akanichekea kuhusu mabega, maana alishaniambia. Nilipofika kwa wale vijana akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Na zile nguo," akasema, "walipomaliza, waliachiwa au walivuliwa?"

"Sikuuliza, bibi."

"Na baridi hiyo."