Utani Kazini Unahitaji Mtu Awezaye Kuujibu

Hapa Moshi, Mchaga na Mpare wakikutanishwa kazini hawachukui muda mrefu kuzoeana, kwa kuwa utani wa makabila yao umekwisha kuwatangulia. Mpare ataambiwa kwamba yuko tayari kuuza ng'ombe ili agharimie kesi ya kuku, naye atajibu kwamba Mchaga akizimia hamwagiwi maji, bali huangushiwa sarafu karibu na sikio.

Nafanya kazi katika ghala la kahawa, na naamini kwa dhati kwamba ucheshi huu ni sehemu ya kazi yenyewe. Msimu unapopamba moto, makuli hubeba magunia ya kilo 60 tangu asubuhi, malori yanasubiri nje, na hesabu ya gunia moja ikipotea shughuli yote husimama. Lawama ya waziwazi wakati kama huo huzaa ugomvi, lakini mtani akiuliza, "Mpare, hilo gunia umelitanguliza Same?", karani hurudia hesabu yake bila kuvunjiwa heshima. Wala si jambo geni: utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikomaa katika misafara ya wapagazi ya karne ya 19, yaani miongoni mwa watu waliokuwa kazini, wenye mizigo mabegani.

Kinachoniuma ni mkubwa wa kazi anayemcheka mfagizi kwa umbo lake au lafudhi yake, kisha akasema ni utani tu. Mtani halisi hujibiwa, tena kwa ukali uleule, ilhali mfagizi huyo anaufikiria mshahara wake na kunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, jinsia au ulemavu, na inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ni ubaguzi. Sioni kwa nini kicheko kiwe kinga.

Msimamizi wetu, Mchaga wa Machame, hutaniwa na kijana mdogo kuliko wote katika zamu, mzaliwa wa Usangi, kwamba akistaafu atawatoza kiingilio wanaokwenda kumjulia hali. Yeye hucheka kwa sauti, hujibu mapigo mbele ya wote, na mizani ikileta hitilafu, kijana huyohuyo ndiye huwa wa kwanza kumwendea na kumweleza.