Wewe Fuata Watu

Jumapili, saa mbili usiku. Miguu iko ndani ya karai la maji moto na chumvi, na kidole gumba cha kushoto kina lengelenge la ukubwa wa punje ya mahindi. Nimejitakia. Leo nimetoka Jericho hadi Kariokor, Kariokor hadi katikati ya jiji, kisha nikarudi, bila kupanda gari.

Nimeishi Nairobi miaka kumi na mmoja, na kwa muda mrefu nililijua jiji hili kwa steji tu. Makadara naijua, Burma naijua, Muthurwa naijua. Yaliyo kati ya steji na steji yalikuwa ni mambo ya kupita dirishani, tena dirisha lenyewe limejaa stika. Nisijisifu kwamba nilianza kutembea kwa ajili ya afya. Ilikuwa pesa. Mvua za Machi zilipoanza, nauli ya asubuhi ikapanda maradufu kama ilivyo desturi yake manyunyu yakidondoka, na mimi nimesimama steji na sarafu zisizotosha. Nikaona watu wanavuka Jogoo Road kuelekea reli. Nikawafuata, kwa kuwa kazi yangu iko huko huko Industrial Area.

Saa kumi na moja na nusu bado ni giza. Watu hawaongei sana. Unachosikia ni viatu juu ya kokoto za reli, na redio ndogo ya mtu mfukoni. Nilipofika mahali njia inapogawanyika nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akipanga chupa za uji, "Mama, ya kwenda Lunga Lunga ni gani?" Hakuinua hata kichwa.

"Wewe fuata watu."

Sijapata ramani inayoishinda hiyo. Njia hizi hakuna aliyezichora. Kuna tundu kwenye ukuta, kuna ubao uliolazwa juu ya mtaro, kuna ngazi za magunia ya mchanga ambazo sijawahi kumwona anayezitengeneza, ila kila zikisombwa na maji zinarudi. Tundu likizibwa Jumatatu, kufikia Jumatano limehamia hatua kumi mbele.

Siku za mvua, pale udongo unapokutana na lami, hukaa vijana wenye ndoo, brashi na kipande cha gunia. Unanyoosha mguu, unaegemea bega la mtu usiyemjua, kiatu kinasuguliwa kikiwa mguuni, halafu mguu wa pili. Wengine wana gambuti za kukodi. Wanawake wengi wametuzidi akili: wanakuja na ndara, viatu vya kazi vimefungwa kwenye mfuko, na dakika mbili kabla ya geti ndipo mtu anageuka karani. Matope yanabaki kwenye mfuko. Meneja anayeshuka kwenye gari lake saa mbili na nusu hajui kwamba nusu ya ofisi imevuka reli.

Na ile barabara ya juu, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022? Hiyo ndiyo njia ya Nairobi ambayo mguu wangu hautaikanyaga kamwe. Inalipiwa, na ni ya magari. Sisi tunaiona tumboni.

Kuna matembezi ya aina nyingine pia, na siyadharau. Mwezi jana nilikwenda Karura, msitu wa zaidi ya hekta elfu moja ndani ya jiji, nikatembea hadi kwenye maporomoko na kurudi. Kupotea ni vigumu. Kila njia panda ina nguzo yenye namba. Nilicheka kimoyomoyo nilipoona watu wamekuja kwa gari ili watembee, na kulipa kiingilio juu yake. Kicheko kikaniisha nilipokumbuka kwamba mnamo Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa huko huko walipokwenda kupanda miti kwenye ardhi iliyokuwa imegawiwa wajenzi. Lau si wao, leo ningekuwa nimesimama mbele ya geti la mtu, mbwa ananibwekea.

Turudi kwa leo. Nilikata Shauri Moyo, nikapenya Gikomba, nikatokea Pumwani, na kufika Kariokor jua likiwa bado halijakasirika. Sokoni nilinunua akala, zile kandambili za tairi, nikazivaa hapo hapo kwa kiherehere. Muuzaji alinionya: "Zivae nyumbani kwanza, kakangu, zikuzoee." Lengelenge limetoka hapo.

Jina la Kariokor nililitaja maisha yangu yote bila kulifikiria. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, walioweka kambi hapo. Waingereza wakawaita hivyo, ulimi wetu ukawafupishia. Dar es Salaam nao wana Kariakoo yao. Wanaume waliochukuliwa vijijini, wengi bila hiari, wabebe unga na risasi kichwani kuwafuata wanajeshi hadi Tanganyika. Makumi ya maelfu hawakurudi, na waliouawa na kuhara na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Basi nikaamua niende na jina hilo hadi linakoishia. Nikashuka Racecourse Road, nikavuka mto (harufu yake sitaieleza, maji moto haya yananitosha), nikapita Ronald Ngala na Tom Mboya, nikapanda hadi Kenyatta Avenue. Pale kuna sanamu ya shaba ya watu watatu, iliyosimamishwa 1928. Nimepita mbele yake mara mia kwa gari nikidhani wote ni wanajeshi. Mmoja wao ni mpagazi. Maandishi chini yake yako kwa lugha tatu, Kiswahili ikiwemo, na yanasema wapagazi ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi.

Miguu. Nikasimama hapo katikati ya njia, akala zikinichoma, nikirudia neno hilo, nikitafuta kama kuna jina la mtu hata mmoja. Sikuwa nimemaliza kuangalia nilipopigiwa mluzi. Nyuma yangu kuna kijana wa mkokoteni, makreti ya soda yamempita kimo, kile kipande cha tairi cha kufungia breki kinakwaruza lami.

"Mzee, njia!"

Nikampisha.