Pico kwenye tanki la mama, bodi inayosamehe karibu kila kosa

Kwa mama tanki likijaa tulikuwa tunajua kwa sauti ya maji yanavyomwagika ukutani. Maji ya mgao yanafika usiku, mama anawasha pampu, anasema ngoja nijinyooshe kidogo nitaenda kuizima, usingizi unampitia, asubuhi uwanja wote tope na luku imeisha. Nikamwambia mama hii nitakutengenezea kitu kitakachokuita tanki likikaribia kujaa, na ndo hapo Raspberry Pi Pico ilipoingia kwenye maisha yangu, na mpaka leo mtu akiniuliza aanze na bodi gani namtajia hii hii.

Kwanza tuwekane sawa maana wengi wanachanganya. Ile Raspberry Pi iliyotoka 2012 ni kompyuta nzima, unaichomeka kwenye TV inakuletea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows. Pico ilitoka Januari 2021 na ni kitu kingine, ni bodi ndogo ya milimita 51 kwa 21 yenye chipu inayoitwa RP2040 ambayo Raspberry Pi waliibuni wenyewe, na ilitangazwa kwa dola 4 tu. Haina Linux, haina skrini, inafanya kazi moja uliyoipa na inaifanya usiku na mchana. Kwa waliozoea Arduino Uno, bodi nyingine ya wanaoanza, ile ina memori ya kilobaiti 2 na mwendo wa megahezi 16, hii Pico ina kilobaiti 264 na megahezi 133 na viini viwili. Ndo maana inaweza kubeba MicroPython, yaani lugha ya programu ya Python iliyopunguzwa itoshee kwenye chipu ndogo, sio lazima uanze na C, lugha ngumu zaidi.

Ila kilichonifanya niipende sio hizo namba. Kinachonivutia ni kwamba ukikosea haikufi mkononi. Ukishikilia kile kitufe cha BOOTSEL huku unachomeka USB, laptopu inaiona kama flashi tu, inatokea kwa jina RPI-RP2, unadondosha faili la MicroPython humo basi imekwisha, na usishtuke ile flashi ikipotea yenyewe maana ndo dalili kwamba imekubali. Hakuna draiva ya kutafuta, hakuna kifaa cha pembeni cha kuchomea programu. Na hiyo sehemu ya kuamkia imeandikwa ndani ya chipu yenyewe huwezi kuifuta, kwa hiyo hata uandike programu mbovu kiasi gani unashika BOOTSEL unaanza upya. Kwa mtu anayejifunza peke yake chumbani bila fundi wa kumuuliza hilo ni jambo kubwa sana jamani. Programu ya kuandikia ninayotumia ni Thonny, ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia kwa ajili ya wanaoanza, ukishaiweka mara moja na lile faili la MicroPython unalo basi bando hulihitaji tena.

Sasa kilichonila jioni tatu nzima ni kebo. Nachomeka Pico, laptopu kimya, nashika kitufe, kimya, nikaamini nimeuziwa bodi mbovu. Kumbe kebo niliyokuwa natumia ilikuwa ya chaji tu, ndani ina nyaya za umeme hazina nyaya za data, na hizi micro USB za simu za zamani zimejaa kila nyumba. Kabla hujamrudishia muuzaji bodi yake chukua kebo ambayo una uhakika imeshawahi kuhamisha picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta, ujaribu na hiyo.

Pini zinakuja hazijachomewa (kuna toleo la Pico H lenye pini tayari, ukilipata chukua). Mimi nilichomea mwenyewe kwa risasi, na njia rahisi ni kuzichomeka pini kwenye brediboadi (ule ubao wa matundu wa kuungia vitu bila kuchomea) kwanza ndo uweke bodi juu yake, zinakaa wima zenyewe. Halafu kuna kero moja, majina ya pini yameandikwa chini ya bodi, ukishaichomeka kwenye brediboadi huyaoni tena. Chora kikaratasi ubandike pembeni. Na ukumbuke GP15 sio pini ya 15 kwa kuhesabu, ni ya 20, hapo watu wanahangaika na taa isiyowaka kumbe wameunga pembeni.

Haya turudi kwenye tanki. Sensa, yaani kifaa cha kupimia umbali, niliyotumia ni HC-SR04, ile yenye macho mawili, inatuma mlio usiosikika unagonga maji unarudi, wewe unapima muda. Kila maikrosekunde 58 ni kama sentimita moja ya umbali. Niliifunga chini ya mfuniko ikiangalia maji, tanki likiwa tupu inasoma kama sentimita 110, maji yakipanda namba inashuka, ikifika 15 baza, kile kikengele cha umeme, inalia jikoni. Baza sikuiunga moja kwa moja kwenye pini maana pini za Pico ni dhaifu, miliampia 12 ndo mwisho wake, nikapitishia kwenye transista, kijiswichi kinachowashwa na umeme mdogo, ya BC547 niliyoitoa kwenye redio ya zamani.

Na hapa ndo pasiposamehewa. Pico inaishi kwa volti 3.3. Ile HC-SR04 inakula volti 5 na jibu lake kwenye waya wa Echo linarudi kwa volti 5 pia. Mimi niliona picha ya mtu kaunga moja kwa moja nikaunga hivyo hivyo, ikafanya kazi siku mbili vizuri tu, nikafurahi, siku ya tatu GP15, pini niliyoiunga na Echo, ikawa inasoma 1, yaani umeme upo, muda wote hata nikichomoa sensa. Imekufa. Pini zingine zote zilibaki nzima, ila ile ilikwenda na hairudi, BOOTSEL haisaidii kitu hapo. Dawa yake ni resista mbili, vile vipande vya kuzuia umeme, kilo-omu 1 kutoka Echo mpaka kwenye pini, na kilo-omu 2 kutoka kwenye pini hiyo hiyo mpaka graundi, volti 5 inagawanyika inabaki 3.3 na kidogo. Resista mbili za bei ya pipi. Ukiona mchoro wowote wa Pico na HC-SR04 ya volti 5 hauna hizo resista usiufuate, hata kama aliyeuchora anasema kwake inafanya kazi, na kwangu pia ilifanya kazi, siku mbili.

Kitu kingine nilichojifunza ni mvuke. Ndani ya tanki juani kuna jasho balaa, baada ya kama miezi miwili ile sensa ikaanza kutoa namba za ajabu. Nikabadilisha nikaweka JSN-SR04T, ile ya kuzuia maji yenye jicho moja na waya mrefu, ila hiyo haioni vizuri kitu kilicho karibu chini ya sentimita 20 hivi, kwa hiyo ikabidi niinue mfuniko kwa kipande cha bomba na baza ilie kwenye 30.

Programu nimeisevu ndani ya bodi kwa jina main.py, hilo jina ni muhimu, ndo linaifanya ianze yenyewe ikipata umeme. Umeme ukikatika inazima, ukirudi inaamka na kuendelea kupima hakuna anayeigusa. Pampu sijaigusa kabisa, ile ni volti 230 na iko sehemu yenye maji, mama anasikia baza anaenda kuzima swichi mwenyewe na anasema inatosha hivyo hivyo.

Bodi ni ile ile ya mwanzo. GP15 nimeipaka rangi nyekundu ya kucha ya dada ili nisije nikaiunga tena kwa kusahau, Echo iko GP14 na resista zake mbili, na tangu hapo uwanja haujalowa.