Ile C ya chini

Mwaka wa 2008 nilikuwa nimemaliza Form Four, nangojea kuitwa campus, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupiga gita kanisani kwetu Umoja, Nairobi, na kula chakula cha mama. Gita yenyewe ilikuwa kopi ya Stratocaster, zile za Kichina zenye jina hata mwenye duka hawezi kulitamka, niliuziwa na jamaa wa kwaya aliyekuwa anahamia Eldoret. Kwa nyimbo za ibada ilikuwa inatosha kabisa. G, C, D, kidogo E minor watu wakianza kulia, basi.

Shida ililetwa na cuzo wangu wa Donholm. Huyo alikuwa mtu wa roki hadi mfupani, X FM, stesheni ya redio ya roki, haizimwi kwao, T-shati nyeusi kwa jua la Januari, na siku moja akaja na CD ya kuchomewa akasema keti hapa usikie kitu. Ilikuwa Toxicity ya System of a Down, wale Waarmenia wa California, ilitoka 2001 lakini mimi ndio nilikuwa naisikia vizuri mara ya kwanza, na kwa hedifoni, si kwa spika ya matatu. Inaanza polepole, gita peke yake inadonoa nyuzi moja moja, unadhani ni wimbo wa mapenzi, halafu zote zinaingia kwa mpigo mmoja na kile kitu cha chini kinakushika tumboni. Nikamwambia rudisha. Akarudisha. Nikamwambia mimi hii lazima niijue.

Nikaenda cyber, enzi zile bob moja kwa dakika, nikaprinti tab, ile karatasi ya kuonyesha ubane uzi gani na wapi. Juu kabisa ya karatasi imeandikwa C G C F A D, yaani noti za kutyuni nyuzi sita kuanzia ule mnene. Nikashangaa. Kanisani ni E A D G B E tangu Adamu, hakuna mtu amewahi kuniambia unaweza kuamka tu ukaamua nyuzi zikae vingine. Lakini nikikaa nayo chini nikaona ina akili: zile tano nyembamba zote zimeshuka toni moja, na ule mnene umeshuka toni mbili nzima, kutoka E mpaka C. Sasa ukilaza kidole kimoja juu ya zile tatu nene, freti yoyote ile (vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gita), tayari una pawa kodi nzima mkononi, ile kodi nzito ya roki. Kidole kimoja! Kodi ambayo kwa tyuning ya kawaida inakuvunja vidole ukiikimbiza, hapa unateleza nayo tu juu chini. Nikajiambia wimbo huu kufikia jioni nitakuwa nimeumaliza.

Jioni hiyo hata kutyuni sikuwa nimemaliza. Nashusha ule mnene hadi C, nacheki A, imepanda. Naishusha A, nacheki D, imepanda, narudi kwa ule wa kwanza nao umepanda tena, yaani nilizunguka hapo mpaka mama akauliza kama gita imeharibika au ni mimi. Na hata nilipofaulu kuzikalisha zote karibu karibu, ile C haikuwa noti. Ilikuwa kelele. Uzi umelegea hadi unapiga freti zote ukipita, zzzz, ukiupiga kwa nguvu unaanza juu ya C halafu unateremka kuitafuta, sikio linasikia vitu viwili.

Cuzo naye akaniambia stori ya Tony Iommi, mpiga gita wa bendi ya Black Sabbath, ambaye wengi wanasema ndiye baba wa hii miziki yote mizito. Huyo 1965 alikuwa kijana wa miaka 17 pale Birmingham, Uingereza, anafanya kazi kiwanda cha mabati, siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye ni wa kushoto, kwa hivyo huo wa kulia ndio wa kubana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akaanza kushusha tyuning ndio zilegee asiumie. Albamu yao ya 1971 ndio hiyo sauti imezama chini kabisa. Stori tamu, lakini haikunisaidia. Iommi alikuwa anatafuta ulegevu, mimi ulegevu ndio ulikuwa unaniua.

Hesabu yake nilikuja kuijua baadaye na ni hesabu ya Fizikia ya shule, ile tulikariri tukasahau. E ya chini inatetemeka kama mara 82 kwa sekunde, hiyo C ni kama mara 65. Inaonekana si tofauti kubwa. Lakini mkazo wa uzi unaenda na mraba wa hiyo namba, kwa hivyo ukishuka toni mbili uzi umepoteza zaidi ya theluthi moja ya mkazo wake. Na nyuzi zangu zilikuwa zile nyembamba sana, seti ya tisa, ule mnene ni inchi 0.042. Kushusha hiyo mpaka C ni kama kuanika nguo kwa kamba iliyofungwa upande mmoja.

Cuzo akasema dawa ni uzi mnene. Sawa. Tukapanda matatu namba 35 mpaka tao, tukazunguka maduka ya vyombo vya muziki, kila mahali ni seti ya tisa au seti ya kumi, ukiwaambia unataka nene kuliko hiyo wanakuonyesha za besi. Jamaa mmoja akatutolea seti ya gita ya mbao, ule mnene ni 0.053, akaapa kwamba uzi ni uzi. Na kwa mkono ulikuwa mzuri kweli! Nikauvalisha nyumbani, nikaupeleka C, umekaza, unasimama, hauchezi. Nikachomeka ampu. Nyuzi tano zinapiga kelele, na ule mmoja niliougharamia unanong'ona.

Ndio nikapelekwa kwa fundi wa River Road. Mpiga drams wetu wa kanisa ndiye alimjua, mzee fulani ghorofa ya pili, ngazi za giza, chumba kimejaa spika zilizotobolewa na ampu zilizofunguliwa matumbo, unapita kwa upande. Aliwahi kupiga rithim kwenye bendi za benga na rumba, zile siku River Road ilikuwa ndio mahali pa kurekodi na kuuza santuri. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia bila kuinua kichwa kutoka kwa solda aliyokuwa anayeyusha, ile risasi ya kuunganishia nyaya. Nikamweleza. Akachukua gita akautazama uzi ule, akacheka.

"Kijana, hii imezungushiwa shaba. Ile sumaku ya gita yako inasikia chuma na nikeli peke yake. Huu kwake ni chuma kidogo tu cha ndani, hii ngozi yote ya nje haioni."

Akaigeuza gita, akafungua plastiki ya nyuma, akanionyesha springi. Daraja la hizi Strat halijashikwa na skrubu, linavutwa na nyuzi upande mmoja na springi upande mwingine, zinalingana. Ukilegeza uzi mmoja springi zinashinda, zinavuta daraja, na wale wenzake wote wanakazwa. Ndio maana nilikuwa nazunguka kama mbwa anayefukuza mkia. Akaokota kipande cha mbao, akakipunguza kwa kisu, akakigongagonga ndani mpaka daraja likakataa kusogea. Ile mkono ya kuyumbisha sauti ikawa haifanyi kazi tena lakini kanisani nilikuwa nimeshakatazwa kuitumia hata hivyo.

Halafu akavuta droo. Nyuzi moja moja, zimekunjwa kwa karatasi za magazeti, sijui amezikusanya kwa miaka mingapi. Akapata moja, 0.056, ya chuma na nikeli, si shaba. Hizo zingine akaniambia chukua seti ya kumi, ule wake mnene weka kando. Tatizo, kale kaplastiki keupe ka kichwani ambapo nyuzi zinapita kalikuwa kamechongwa mfereji wa uzi mwembamba, huu mpya unakaa juu juu. Nikadhani atatoa kifaa cha maana. Akanituma Kirinyaga Road, kwa watu wa welding, nikanunue ile seti ya vijisindano vya kusafishia mdomo wa gesi. Vile vidude vina meno madogo madogo pande zote na vinakuja saizi tofauti, unachagua ile inalingana na uzi wako, unasugua polepole, mfereji unatoka duara safi. Alisugua mara kidogo, anaweka uzi, anatazama, anasugua tena. Nusu saa. Akasema mia tatu, nikasema mia mbili, tukaelewana mia mbili na chai.

Tukaichomeka. Nikalaza kidole, nikapiga. Mungu wangu. Ilikuwa noti! C moja, imesimama, haitafuti kitu.

Nikaanza kumpigia ule wimbo na distoshoni, ule mkwaruzo wa ampu, yote mpaka mwisho, vile cuzo alinifundisha. Mzee akasikiza kidogo, akanyoosha mkono akarudisha ile swichi ya kuzungusha ya distoshoni hadi karibu nusu. Nikaona ameharibu utamu. Kumbe hapo ndio noti zikaanza kutengana, nikasikia kodi ikiisha na nyingine ikianza, si moshi mmoja mrefu. Halafu akanionyesha mahali pa kuweka kiganja cha kulia, ule ukingo wa chini ya kidole kidogo, juu ya daraja kabisa. Ukisogea mbele kidogo uzi umekufa, tok tok. Ukirudi nyuma unalia wazi. Kwenye mpaka hapo ndio kuna ile dum fupi nzito. Mimi wiki yote nilikuwa nahangaika na mkono wa kushoto, naangalia tab, kumbe kushoto hakuna kazi, ni kidole kimoja kinateleza! Kazi yote iko kulia, kuziba na kuachilia, na kuachilia kwa wakati.

"Hii muziki ni ya nani?" akauliza. Nikamwambia ni ya Wamarekani, ya kelele. Akasema, "Mbona hamuipigi na kelele basi," na akarudi kwa ampu yake. Sijui alimaanisha nini mpaka leo.

Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya tukabaki kanisani, mimi, cuzo kwa besi ya kuazima, na mpiga drams ambaye ndiye alikuwa na ufunguo. Nilimwogopea yeye, hakuwa mtu wa roki, ni mtu wa Kakamega anayependa nyimbo za kuchezea, na ule wimbo hauhesabiki nne nne, unahesabika sita sita. Akausikiza kwa simu, akagonga goti, akasema, "Ah, hii ni isukuti tu, ngoma ya kwetu, imekasirika." Akaketi akaupiga. Cuzo, miaka yote ya X FM, ndiye alikuwa anapotea.

Kanisa letu wakati huo lilikuwa la mabati. Mtu ambaye hajawahi kupiga C ya chini ndani ya mabati sijui nitamweleza vipi, kuta zote zinaitikia, vumbi linashuka kutoka kwa mihimili, kuna bati moja pale kwa mlango lilikuwa linalia lenyewe kila tukifika kwa ile kodi. Mara ya kwanza tukaanguka katikati. Mara nyingine tukaanguka mwisho, pale inabadilika. Halafu kuna raundi moja tukaingia wote pamoja baada ya ile mwanzo ya polepole, kiganja changu kikaziba pale pa kuziba, kikaachilia pale pa kuachilia, na hakuna mtu alisimama mpaka tukamaliza. Vijana wa carwash ya jirani walikuwa wamesimama mlangoni na sponji mkononi. Mmoja akauliza kama hiyo ndio ibada ya kesho.

Na kesho yenyewe ilikuwa shida, kwa sababu nilikuwa na gita moja. Kuurudisha ule uzi wa 56 hadi E ungekuwa mgumu sana kwa vidole vyangu, na kuvua zote nivalishe zingine sikuwa na pesa wala saa. Nikakaa kitandani usiku nikapiga hesabu. Hizo tano zimeshuka toni moja. Nikibana kapo, ile klipu ya kubana nyuzi zote pamoja, freti ya pili zote zinarudi nyumbani, na ule mnene unakuwa D. Kwa hivyo nina gita ya kawaida kabisa isipokuwa hapo chini, na nyimbo zetu nusu ni za D.

Asubuhi mpiga besi hakuja, alikuwa mazishi Machakos. Tukaenda hivyo hivyo. Sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, ilinitoa jasho, lakini kwa nyimbo za polepole, kila tukirudi kwa D nilikuwa nauachilia ule uzi mnene ulie kupitia spika za kanisa, kwa adabu, bila distoshoni.

Tulipotoka nje mama mmoja wa kwaya, wale wa kiti cha mbele, akanishika mkono. Akaniambia, "Mwanangu, leo besi ilikuwa tamu sana, ule kijana wa besi mwambie Mungu ambariki."

Nikamwambia, "Asante mama, nitamfikishia."