Noti ya randi kumi iliyonivusha Grabouw

Nianze kwa kujisifu, maana mwaka wa kwanza sikuwa na cha kujisifia. Nimemaliza XTERRA ya Grabouw kwa miguu yangu mwenyewe, na nyuma yangu walikuwepo watu. Niliwahesabu: 11.

Kwa asiyeyajua, haya ni mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mkupuo mmoja, ila lami huioni. Yalianzia Maui, Hawaii, mwaka 1996. Kwa kawaida ni kilomita 1.5 majini, 30 hivi za baiskeli na 10 za mbio za porini. Grabouw iko kama saa moja kutoka Cape Town ninakofanya kazi, ukishavuka Sir Lowry's Pass, katikati ya mashamba ya matufaha. Bingwa wa dunia mara 4 wa mchezo huu, Conrad Stoltz, ni wa huku huku Afrika Kusini, kwa hiyo wenyeji hawana mzaha.

Mimi mtoto wa Tanga, nimekulia Raskazone. Nikitahadharishwa kuhusu kuogelea nilikuwa nacheka. Kumbe miaka yote ile chumvi ndiyo ilikuwa inanibeba! Bwawa la Grabouw halina chumvi, halibebi mtu. Miguu inazama, na maji yana rangi ya chai ya mkandaa. Ukiingiza uso huoni hata kiganja chako. Kilichoniokoa ni suti ya mpira ya kuazima. Jipake mafuta ya mgando shingoni isikuchubue, na kwenye vifundo vya miguu ivulike upesi. Mwaka wa kwanza sikupaka, nikakaa chini navutana nayo: mbuzi mimi, mchunaji mimi. Mwenye suti alinuna baadaye, eti mafuta hayo yanaharibu mpira. Ni kweli, na sijaazimwa tena.

Ukitoka majini utakuta baiskeli mamia zimepangwa, zote zinafanana. Mimi nilitundika kanga ya mama, nyekundu, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni". Hakuna aliyeweza kuisoma, ila niliiona tangu mbali. Na kofia ngumu uifunge kidevuni kabla hujaigusa baiskeli, la sivyo waamuzi wana lako.

Sasa baiskeli. Yangu ni ya mtumba, randi elfu sita na ushee. Fundi wa dukani, ambaye simtaji, aliniambia: "Jaza upepo liwe gumu, ukigonga jiwe tairi lisipasuke." Paundi 50 za upepo. Nilimwamini kwa sababu aproni yake ilikuwa na grisi nyingi. Mteremko wa kwanza tu, gurudumu la mbele likaanza kudunda juu ya mizizi kama mpira wa kitenesi. Nikaogopa, nikabana breki ya mbele kwenye mchanga. Baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea. Kile kidude cha kubadilishia gia kikapinda kikaingia kwenye spoku, mchezo ukaishia hapo. Nikiwa bado chini akanipita mama mtu mzima, mvi zimemtoka chini ya kofia, akanipigia kelele: "Tazama njia, usitazame jiwe!" Hilo ndilo somo pekee nililopata mwaka ule, na lilikuwa la bure. Nilisukuma baiskeli hadi barabarani.

Mwaka uliofuata nilipunguza upepo mpaka paundi 28, makalio nyuma ya kiti kwenye mteremko, kidole kimoja tu kwenye breki. Nikawa nashuka kama maji. Halafu, zimebaki kilomita kama 18, jiwe likachana tairi ubavuni. Mpasuko wa urefu wa kidole gumba, tyubu imepasuka. Ya akiba ninayo, lakini nikiijaza upepo itachomoza pale palipochanika na kupasuka vile vile. Watu wananipita, kila mmoja anauliza kama niko salama, hakuna anayesimama. Mfukoni nina noti ya randi 10 niliyoweka ya soda. Nikaikunja mara nne, nikaiweka kati ya tairi na tyubu, Mandela akitazama nje na kifaru ndani. Nikapampu taratibu huku nimebana pumzi. Kiraka changu kikavimba kidogo, kikatulia. Kilomita zote zilizobaki nilikuwa nainama kukichungulia kama mtu anayelea mgonjwa.

Mbio za mwisho sina la kusimulia. Palikuwa na mchanga, mashavu ya miguu yakanikaza, vilima vyote nilitembea.

Wiki iliyofuata nilikwenda kununua tairi jipya, nikapungukiwa randi 10 hasa. Ile noti nilikuwa nayo, ina alama za mikunjo na inanuka mpira. Sikuitoa. Fundi, yule yule, akanisamehe pungufu, akanikabidhi tairi na kuniambia: "Ukilifunga, ndugu yangu, jaza upepo liwe gumu."