Mbwa akibweka, nani atakuja? Hesabu ya mbwa wa kifafa

Familia ikiamua kumtafutia mgonjwa wa kifafa mbwa wa kumsaidia, mambo huanzia kwenye simu. Linafunguliwa kundi la WhatsApp, anateuliwa mhazini, na kabla jua halijazama mjomba mmoja ameshaahidi elfu hamsini. Swali la mbwa yupi, wa kazi gani, linakuja wiki tatu baadaye. Hapo ndipo michango inapoharibikia, kwa sababu kazi za mbwa huyu ni mbili na gharama zake zimepishana kama Kyela ya bondeni na Kitulo ya mlimani.

Kuna mbwa anayetahadharisha: anabadilika tabia kabla mtu hajaanguka. Na kuna mbwa anayeita: mtu yuko chini tayari, yeye anabweka, anagonga kengele au anamfuata jirani. Huyu wa pili anafundishika. Yule wa kwanza mara nyingi hujitokeza mwenyewe baada ya kuishi na mgonjwa kwa muda, na wengine hawajitokezi kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Rennes, Ufaransa, walitoa matokeo ya mbwa 5 waliofunzwa kunusa jasho na pumzi za wagonjwa. Watatu hawakukosea harufu ya kifafa hata mara moja, wawili walipata theluthi mbili. Harufu ipo, basi. Ila sampuli zile zilichukuliwa wakati wa kuanguka, si kabla, na kunusa kichupa ndani ya chumba tulivu si sawa na kumuwahi mama aliyeshika sufuria ya maharage. Anayekuuzia mtoto wa mbwa wa wiki nane kwa ahadi kwamba "anatabiri" anakuuzia maneno.

Mbwa aliyekamilika wa Marekani hugharimu kati ya dola 20,000 na 50,000. Kwa shilingi 2,500 za Tanzania kwa dola, hiyo ni milioni 50 hadi 125, kabla ya kibali cha kumwingiza nchini, vyeti vya chanjo na nauli ya mgonjwa mwenyewe, maana ni lazima akae na mwalimu wiki moja au mbili kabla ya kukabidhiwa. Na mbwa akianza kusahau kazi mwaka wa pili, mwalimu yuko ng'ambo ya bahari. Kwa familia ya Rungwe, Mufindi au Makete, mimi sipendekezi. Changisheni mbwa anayeita, alelewe na kufundishwa hapahapa.

Hata hivyo shilingi ya kwanza si ya mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kukaa bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuzimeza kila siku. Kwa hiyo mstari wa kwanza kwenye bajeti uwe akiba ya dawa ya mwezi mzima, iwe fenobabito, kabamazepini au aliyoandikiwa, ili zahanati ikiishiwa asikatishe. Kukatisha ghafla kunaweza kuleta kuanguka mfululizo, na hapo mbwa hana la kufanya. Mstari wa pili ni moto. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kwenye baridi ya Juni na Julai, jiko la mkaa linaingizwa ndani na watu wanalizunguka. Jengeni jiko la udongo lililoinuliwa hadi kiunoni, lenye ukingo, na mgonjwa asipike peke yake. Na mbwa hachukui nafasi ya dawa: Uholanzi, utafiti uliotoka mwaka 2024 uliwafuatilia watu 25 wenye kifafa sugu waliopewa mbwa, na kwa wastani kuanguka kulipungua kwa asilimia 31. Hao waliendelea na tiba zao.

Sasa mbwa. Mbwa wa kienyeji anafaa, wala usitafute wa kizungu kwa ajili ya jina. Mchague akiwa na wiki 7 au 8. Angusha kifuniko cha sufuria hatua tatu kutoka alipo: unayemtaka anashtuka, kisha anakuja kukinusa. Anayejificha dakika kumi mwache. Anayekiendea kwa kunguruma mwache pia, huyo ana kazi yake ya lindo. Kosa linaloumiza kuliko yote ni kumchukua mbwa wa ulinzi, au kumlea huyu kama mlinzi, kwa sababu siku mgonjwa yuko chini atamlinda, na jirani anayekuja kusaidia atang'atwa.

Chakula ndicho kinachokula mfuko. Mbwa wa kilo 25 anahitaji nusu kilo hadi robo tatu ya chakula kilichopikwa kwa siku, yaani kilo 15 hadi 22 kwa mwezi. Chenga za mchele zikichanganywa na usipa (dagaa) wa Ziwa Nyasa au mapupu ya bucha ni chakula kizuri. Pumba tupu haimfai. Mapupu na maini yachemshwe hadi yaive ndani, kwani mabichi yanampa minyoo inayoweza kuhamia kwa watu. Mifupa iliyopikwa na vitunguu, hapana. Chukua mfano wa shilingi 60,000 kwa mwezi: kwa miaka 10 ni 7,200,000. Kundi la WhatsApp linachangia bei ya kumnunua. Hizi milioni saba hakuna anayeziona.

Ongeza chanjo. Zile za magonjwa ya watoto wa mbwa zinaanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Kichaa cha mbwa achanjwe akifika miezi 3, kisha kila mwaka, na kadi itunzwe. Dawa ya minyoo kila miezi 3, ya kupe mara kwa mara. Muulize afisa mifugo wa kata siku za kampeni ya chanjo kabla hujalipa dukani.

Mafunzo yanataka saa za mtu mmoja, na saa hizo zilipwe hata kama ni binamu. Asipolipwa anaacha mwezi wa pili. Tumia kitufe cha kengele ya mlango isiyo na waya: kitufe kwa mgonjwa, kipokezi nyumbani kwa jirani. Kubweka peke yake hakutoshi Tukuyu, mvua ikishapiga bati hakuna anayesikia mbwa. Kipande cha nyama kisizidi punje ya maharage, kitolewe ndani ya sekunde mbili baada ya pua kugusa kitufe. Dakika 5, mara 3 kwa siku. Usihamie hatua nyingine mpaka apatie mara 8 katika 10. Ndipo kitufe kisogezwe mbali, kisha mtu ajilaze kwenye godoro na kujifanya ameanguka: sebuleni, uani, shambani, na watu tofauti. Usimfundishe mbwa wakati mgonjwa ameanguka kweli, atajifunza hofu. Hesabu miezi 6 kwa uchache. Betri zikaguliwe kila Jumamosi, na kipokezi kijaribiwe mlango wa jirani ukiwa umefungwa, maana ukuta wa tofali hula mawimbi.

Halafu jirani. Mbwa anaweza kubonyeza vizuri kabisa, jirani akafika na kusimama mlangoni mikono kifuani, kwa sababu alikua akiambiwa ukigusa povu au ukinusa ushuzi wa aliyeanguka unaambukizwa. Kifafa hakiambukizi kwa povu, mate wala ushuzi. Kwa hiyo bajeti iwe na chai na mandazi ya kuwakalisha majirani wa nyumba tano, mara mbili kwa mwaka, wafundishwe na mhudumu wa afya: sogeza jiko, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, tazama saa. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika 5, mpelekeni hospitali. Mwambieni pia mwenye usafiri mapema, "Kaka, tukikupigia usiku ni jambo hili." Asiyetaka kuguswa na mbwa kwa sababu za dini aheshimiwe: mbwa afundishwe kukaa kwenye mkeka wake kengele ikishalia.

Pesa sasa. Gawa lengo mara mbili: la kuanzia (mbwa, chanjo, kengele, miezi 6 ya mwalimu) na la kila mwezi. La kuanzia lipitie michango, namba moja ya simu, watia saini watatu, taarifa kila Jumapili ikionyesha risiti. La kila mwezi lisitegemee michango, watu huchoka mwezi wa nne. Ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu ni mkopo usio na riba, unarudishwa, kwa hiyo usinunue nao mbwa, kwani mbwa hazai faida. Kikundi kikiukopea kuku wa mayai au kitalu cha miche ya parachichi, faida ndiyo ilishe mbwa.

Mbwa akianza kuonyesha dalili za kutahadharisha (anakodoa macho, analamba mikono, hataki kuondoka), andika saa aliyoanza na saa mgonjwa alipoanguka. Andika pia siku alizofanya hivyo pasitokee kitu. Wengi huandika alizopatia tu, na baada ya miezi 3 wanaona muujiza daftarini. Kama amekosea nusu ya mara zote, mgonjwa asipande ngazi kwa kumwamini yeye.

Akifika miaka 6, fungua mfuko wa mtoto wa mbwa wa pili. Mkubwa atachoka akiwa na 8 au 10, na mdogo aliyelala karibu naye mwaka mzima huweza kujifunza kitufe haraka kuliko aliyeanza peke yake.